Daktari Anajibu: Mishipa ya Miguu Kuvimba Ujanani

SWALI: Shikamoo, daktari. Mimi ni msichana wa miaka 23, ni msusi, na siku nyingi husimama tangu asubuhi hadi jioni. Tangu mwaka jana mishipa ya mguu wangu wa kushoto, nyuma ya goti na kwenye kigimbi, imetuna na kujipinda, na ikifika jioni mguu huwa mzito na huuma. Mama anayo pia, ila yake ilianza alipokuwa akizaa, nami sijazaa. Jirani ananishauri niumikwe ili damu chafu itoke. Je, huu si ugonjwa wa wazee? Na je, naruhusiwa kutumia vidonge vya uzazi wa mpango?
Msusi, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na lililo la haraka: usikubali kuumikwa wala kuchanjwa chale juu ya mishipa hiyo. Damu iliyomo si chafu, bali imechelewa kurudi moyoni. Na kwa kuwa ngozi iliyofunika mshipa uliotuna huwa nyembamba, mkato mdogo tu unaweza kutoa damu nyingi na kukuachia kidonda kigumu kupona.

Moyo husukuma damu hadi miguuni kupitia ateri, lakini ili ipande tena hutegemea vena, ambazo ndani yake zina vali ndogo zinazofunguka damu inapopanda na kujifunga isirudi chini. Nguvu ya kuipandisha hutoka hasa kwenye misuli ya kigimbi, inayokaza kila unapopiga hatua. Mtu anaposimama palepale kwa saa nyingi msukumo huo hukosekana, damu hutuama, vena hutanuka, na vali zake zikishaachana haziwezi tena kuizuia. Umri huongeza uwezekano wa hali hiyo, lakini si sharti lake. Wewe una urithi wa mama pamoja na kazi ya kusimama, na hayo mawili yanatosha kuianzisha hata kabla ya miaka 30, kwa wanawake na kwa wanaume. Kwa mama yako mimba ilichangia, kwa sababu huongeza damu mwilini, hulegeza kuta za vena kwa homoni, na hukandamiza vena za nyonga.

Kwa kuwa u kijana na ni mguu mmoja, nakusihi upimwe kwa ultrasaundi ya mishipa, ili ijulikane vali zipi zimeshindwa na kama vena za ndani zimeziba. Mweleze pia daktari ikiwa mguu huo ulikuwa na baka jekundu tangu kuzaliwa, au ni mrefu au mnene kuliko mwenzake, kwa maana ipo hali adimu ya kuzaliwa nayo, iliyoelezwa na Wafaransa Klippel na Trenaunay mwaka 1900.

Inaniuma kuona vijana wakimaliza kipato chao kwa mafuta ya kupaka, ambayo hayawezi kurekebisha vali iliyoshindwa. Soksi za kubana, zinazovaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba, hupunguza uzito na maumivu, lakini nazo haziponyi. Ukiwa kazini, suka ukiwa umeketi kila inapowezekana, tembea kati ya mteja na mteja, na usiku inua miguu juu ya usawa wa moyo. Tiba ya mshipa wenyewe ni kuuziba kwa joto la leza au mawimbi ya redio, kuuchoma sindano ya dawa inayoufunga, au kuuondoa kwa upasuaji. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 uliyapanga kwa utaratibu huo, ingawa mahali pasipo na mashine hizo upasuaji bado ni tiba ya kuaminika. Usiogope kupoteza mshipa huo, kwani vena za ndani zikiwa wazi ndizo hubeba sehemu kubwa ya damu ya mguu.

Kuhusu vidonge, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauihesabu mishipa hii peke yake kuwa kizuizi. Aliyewahi kuganda damu ndani ya vena za mguu ndiye asiyefaa kutumia vidonge vyenye estrojeni, kwa hiyo mweleze mhudumu historia yako yote.

Kigimbi kikivimba ghafla, kikawa cha moto na kuuma, au ukibanwa pumzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mshipa ukipasuka, lala chini, inua mguu, ukandamize kwa kitambaa safi bila kuachia, na mtu akupeleke hospitali.