Jibu la swali la wiki: majaliwa na mkono wa mtu

Ndugu Mhariri,

Mliuliza kama mtu anayeamini kwamba yote yamekwisha kuandikwa ana sababu yoyote ya kujitahidi. Nitajibu kwa habari za Ramana Maharshi, mtawa wa Kihindu wa kusini mwa India, ambaye alisukumwa kulijibu swali kama hilo na machozi ya mama yake mzazi.

Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 16, Ramana alitoroka kwao Madurai akaenda kuishi chini ya mlima wa Arunachala. Miaka miwili baadaye mama yake alimfuata, akamsihi siku baada ya siku arudi nyumbani. Kijana alikuwa hasemi na mtu; mwishowe aliandika kwenye karatasi kwamba Mola humwendesha kila mmoja kwa kadiri ya matendo yake yaliyopita, kwamba lisilopangwa halitatokea hata likihangaikiwa vipi, na lililopangwa halizuiliki, kwa hiyo lililo bora ni kunyamaza. Mama akarudi bila yeye. Nakiri kwamba kila nisomapo habari hiyo, mimi huwa upande wa mama.

Sehemu ya karma, yaani malipo ya matendo ya mtu yaliyopita, iliyokwisha kuanza kuzaa matunda Wahindu huiita prarabdha, nao huifananisha na mshale uliokwisha kuuacha upinde. Ramana aliishika itikadi hiyo kwa ukali: mfuasi mmoja alipomuuliza kama hata kuiweka sakafuni pepeo aliyoishika kumepangwa, alijibu kwamba ndiyo. Uhuru aliomwachia mwanadamu ni mmoja tu, nao ni kutojihesabu kuwa ndiye mwili huu unaopatwa na raha na taabu. Kwa hiyo prarabdha hutawala yanayomfika mtu, lakini haimlazimishi kuyadai kuwa yake. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwamba ana haki ya kutenda, si ya kumiliki matunda ya tendo, na katika ubeti huohuo anamwonya asishikamane na kutotenda. Onyo hilo la pili husahauliwa mno na wale wanaoiona imani hii kuwa kisingizio cha uvivu. Ramana mwenyewe, alipokwisha kuwa mzee wa kuheshimiwa, aliamka kabla ya alfajiri kukata mboga jikoni.

Tena utulivu wake haukuwa ubaridi. Mwaka 1916 mama yake alirudi, safari hii kukaa naye. Siku aliyofariki, tarehe 19 Mei 1922, mwanawe alikaa kando yake tangu asubuhi hadi usiku, mkono mmoja kifuani pa mama na mwingine kichwani, mpaka pumzi ilipokatika. Kisha akainuka, akawaita wenzake wakale, ingawa desturi yao ilikataza watu kula chakula wakati maiti bado imo ndani. Mwito huo wa chakula ungenichukiza, kama nisingejua ile mikono ilikuwa wapi kutwa nzima.