Maswali ya Wasomaji: Gemu za Kutembea Mitaani

Barua nyingi za safari hii zimehusu gemu za simu zinazomtaka mchezaji atoke nje atembee, hasa Pokémon GO iliyoanza Julai 2016. Kwa asiyezijua: simu husoma mahali ulipo kwa jipiesi (GPS), yaani mawimbi ya setilaiti, na ramani ya mtaa wako ndiyo inayokuwa uwanja. Viumbe wa kubuni hutokea njiani uwanase, na sanamu, majengo au michoro ya ukutani hugeuzwa vituo vya kuchukulia vifaa.

*Shikamooni. Nacheza nikitoka chuoni, kwa miguu kutoka Magomeni Mapipa hadi Fire. Wiki iliyopita nilivuka nimeinamia simu, basi la mwendokasi likanikosa kidogo tu. Niache kabisa? — Mwanafunzi, Magomeni*

Marahaba. Usiache gemu, acha kuitazama ukiwa unatembea. Barabara ya Morogoro unayoiona kama moja, kwa mvukaji ni tatu: magari ya kawaida, kisha njia za mwendokasi katikati, kisha magari ya upande wa pili. Pale katikati mabasi yanatoka kulia na kushoto. Kinachowaponza wengi ni foleni. Magari ya pembeni yamesimama, mtu anadhani barabara nzima imesimama, kumbe njia ya basi haina foleni na basi linakuja kwa kasi yake ileile. Kati ya magari yaliyosimama nako kuna bodaboda anayejipenyeza. Kwa hiyo kabla ya kushusha mguu barabarani simu iwe mfukoni, spika za masikioni zitoke zote mbili, na uvukie kwenye pundamilia. Kila njia itazame upya, usivuke kwa hesabu ya njia iliyopita.

Gemu yenyewe haikulazimishi kuvuka mara nyingi kama unavyofikiri. Tangu 2020 kituo kinafikiwa ukiwa umbali wa mita 80, zamani zilikuwa 40, hivyo kituo cha ng'ambo aghalabu unakipata ukiwa hukuhuku. Kiumbe naye ukishamgusa akafunguka kwenye kioo, umbali hauhesabiwi tena. Unaweza kusogea mpaka mahali salama ndipo uanze kurusha mpira wa kumnasia.

Fungua mipangilio ya gemu, washa Adventure Sync ili hatua zako zihesabiwe hata gemu ikiwa imefungwa, na mayai yako, yale ya kwenye gemu yanayotoa viumbe ukishatembea umbali fulani, yataendelea kusogea kuanguliwa. Washa pia mtetemo. Unapocheza, simu ikitetemeka utoke kwenye njia ya watu, uegemeze mgongo ukutani, ucheze, uirudishe mfukoni, ndipo uendelee. Usisimame mlangoni mwa kituo cha basi wala kwenye ngazi. Anayekuja nyuma yako na ndoo ya maji au beseni la ndizi hana pa kukukwepea.

*Mimi ni bodaboda wa Tegeta. Simu yangu iko kwenye usukani kwa ajili ya oda. Nikiacha gemu wazi kuna ubaya gani? — Dereva*

Ubaya ni mkubwa, ndugu yetu. Agosti 2016 huko Tokushima, Japani, dereva aliyekuwa akicheza gemu hiihii aligonga wanawake wawili waliokuwa wakivuka barabara, mmoja akafariki. Hata faida yenyewe hupati: mayai hayahesabu mwendo unaozidi takriban kilomita 10 kwa saa, na ukizidi kama 35 vituo vinagoma kutoa vifaa. Gemu hukuuliza kama wewe ni abiria, lakini jibu unalobonyeza halibadilishi breki zako. Ifunge mpaka ufike kijiweni. Na abiria wako akitaka kucheza mgongoni kwako, mwambie ashike chuma.

*Tuko vijana sita. Tunapenda kukutana Coco Beach na Mnazi Mmoja jioni, lakini vibaka wa simu wametuzidi. Tufanyeje? — Wachezaji, Kinondoni*

Dar jua huzama kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima, kwa hiyo pangeni kuanza saa 10 na kumaliza saa 12. Anayepora kwa pikipiki anahitaji vitu viwili: simu iliyonyooshwa mbele na mtu aliye ukingoni mwa barabara. Kaeni upande wa ndani wa njia, shikeni simu kwa mkono ulio mbali na magari, na wawili kati yenu wawe macho juu wakati wanne wanacheza, kisha mbadilishane.

Jihadharini na chambo. Mchezaji akiweka chambo kwenye kituo, viumbe hukusanyika hapo kwa nusu saa, na kila mwenye gemu aliye karibu anakiona kwenye ramani yake. Ina maana hata mtu mbaya anajua wapi patakuwa na watu na simu zao. Julai 2016 polisi wa O'Fallon, Missouri, Marekani, walikamata vijana waliohusishwa na uporaji wa namna hiyo. Mkiona chambo saa 3 usiku mahali pasipo na watu, kipiteni.

Leo hii kila mmoja abonyeze *#06#, aandike namba za IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari linalobaki nyumbani. Simu ya laini mbili ina namba mbili. Ikiporwa, kwanza pigia mtandao wako wafunge laini, maana pesa ziko humo. Kisha badili nywila ya barua pepe, nenda kituo cha polisi na IMEI yako, na taarifa utakayopewa ipeleke kwenye mtandao ili simu yenyewe ifungiwe. Usimkimbize mporaji.

*Je, ni kosa kucheza karibu na Ikulu au kambi ya jeshi? Na makaburini? — Msomaji, Ilala*

Kutembea barabara ya umma si kosa. Tatizo ni kamera. Gemu ina hali inayomwonyesha kiumbe juu ya picha halisi ya mbele yako, na kwa askari wa zamu wewe ni mtu anayeelekeza simu getini. Hawezi kujua kama unapiga picha au hupigi, na kuuliza ndiyo kazi yake. Ukiwa kwenye kunasa, zima kitufe cha AR kilicho juu kulia mwa kioo. Kamera haitatumika tena, na chaji nayo itadumu zaidi. Karibu na Ikulu, kambi ya jeshi ya Lugalo au kituo chochote cha polisi, sisi tungeifunga gemu kabisa mpaka tupite. Ukisimamishwa, simama, toa salamu, onyesha kioo, eleza kwa maneno machache.

Makaburini usicheze. Kinondoni panazikwa watu, na mfiwa hapaswi kukuona ukizungusha kidole mita tano kutoka kwenye udongo mbichi. Julai 2016 jumba la makumbusho la Auschwitz huko Poland, kambi ambako Wanazi waliua watu wengi, na makaburi ya Arlington, Marekani, yaliwaomba wageni wasicheze hapo. Sisi tusisubiri kuombwa. Msikitini na kanisani, kaa nje ya uzio, na Ijumaa mchana pisha njia kabisa.

*Mbele ya geti langu Upanga wanasimama vijana kumi mpaka saa 4 usiku, wanasema kuna "jimu". Sikuomba hiyo kitu. Inaondolewaje? — Mzee wa Upanga*

Shikamoo mzee. Jimu ni mahali halisi ambapo gemu imepageuza uwanja wa kupambanisha viumbe, na anayeshinda huacha kiumbe wake hapo. Inaondoleka. Mwombe mmoja wa hao vijana aiguse jimu hiyo kwenye simu yake, afungue maelezo yake na kuchagua kuripoti, kisha aombe iondolewe kwa sababu ipo kwenye makazi ya mtu. Asiyecheza anaweza kuomba kupitia ukurasa wa msaada wa gemu. Andika mahali penyewe kwa usahihi: bonyeza geti lako kwenye ramani ya simu kwa muda, zitatokea namba mbili za latitudo na longitudo, uzinakili. Huko Marekani wenye nyumba walishtaki, na katika makubaliano ya 2019 kampuni iliyounda gemu, Niantic, ilikubali kujitahidi kushughulikia malalamiko ndani ya siku 15. Wakati ukisubiri, mweleze mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nanyi vijana: salimieni, msiegemee magari ya watu, saa 2 usiku muwe mmeondoka.

*Mwanangu wa miaka 10 anaomba kucheza. Nimruhusu? — Mama, Sinza*

Mruhusu, mama, ila mwende pamoja. Mfungulie akaunti ya mtoto kwa kutumia barua pepe yako, ukiandika tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Kwenye Play Store weka kila ununuzi uombe nywila. Jina la kuchezea lisiwe na jina lake, la shule wala la mtaa, kwa sababu mwenye jimu huonekana jina lake na jimu iko mahali panapojulikana. Zawadi anazotumia marafiki nazo huonyesha kituo zilikotoka. Akituma kila siku kutoka kituo kilekile karibu na nyumbani, amekwishasema anakoishi. Kubadilishana viumbe kwa kawaida huhitaji watu wawe ndani ya mita 100, basi anayemwambia "tubadilishane" anamwita wakutane. Hapo lazima uwepo wewe.

*Posta mchezaji wangu anarukaruka kwenye ramani ingawa nimesimama. Simu mbovu? — Msomaji, Kariakoo*

Si mbovu. Mawimbi ya setilaiti hugonga maghorofa marefu yakafika kwenye simu yamechelewa, nayo ikadhani umehama. Mahali pa wazi kosa huwa mita chache tu, lakini katikati ya majengo huongezeka. Usimfuate mchezaji wako anakokwenda, atakuingiza kwenye maegesho ya watu. Acha Wi-Fi ikiwa imewashwa hata kama hujaunganishwa, maana simu huitumia kukadiria mahali. Kisha sogea penye anga, kama bustani ya Mnazi Mmoja, na usubiri dakika moja au mbili atulie.