Muulize Shangazi, Desemba 2021: Ukoo mzima unakuja Krismasi, na mama mkwe ana presha

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeolewa Masasi, kwenye ukoo wa Kimakua. Kila Krismasi nyumba yetu ndiyo kambi. Watu wanatoka Dar es Salaam, Nachingwea na Newala, wanalala mpaka jikoni. Mwaka huu fedha za korosho zimeingia, mume wangu keshaweka oda ya ng'ombe. Lakini mama mkwe tunaishi naye, ana kisukari na presha, na huyu Omicron, korona ya aina mpya anayetajwa redioni, ananinyima usingizi. Nikisema tupunguze watu, mawifi watadai korosho zimenitia choyo. Nifanyeje? – Mama Pacha, Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hofu yako ni ya haki, na kweli mawifi watasema, usijidanganye. Ndiyo maana usiseme wewe. Neno hilo likitoka kinywani mwa mke wa kuolewa, tayari ni uchoyo, hata ulizungushie asali.

Ninyi ni Wamakua. Kwenu mjomba bado ana sauti kuliko mwenye nyumba. Mumeo amwendee mjomba wake, yaani kaka wa huyo huyo mama mkwe wako. Aende mwenyewe, asipige simu, na asiende mikono mitupu. Amweleze: dada yako ana sukari, ana presha, na wageni wa Dar watashinda kutwa kwenye basi lililojaa, kisha washuke na kumkumbatia. Mjomba akishaelewa, simu za ukoo atazipiga yeye. Wala asiseme "msije". Aseme, "Mwaka huu dada yangu atasalimiwa kwa zamu." Hapo wifi gani atakaa kukuteta? Atakuwa anamteta mjomba.

Zamu zenyewe si ngumu. Krismasi ya mwaka huu, 2021, inaangukia Jumamosi. Wa Masasi na Nachingwea waje siku hiyo na jioni warudi makwao. Wa Newala waje Jumapili. Wa Dar ndio wagumu, maana wengine watakuwa wamekata tiketi. Hao wapangiwe kulala kwa ndugu wengine hapo mjini, na kwa bibi waje mchana, nje, wakiwa wamevaa barakoa.

Sasa ng'ombe. Oda ivunjwe leo, mumeo asinune. Ng'ombe ndiye anayeita watu. Hakuna anayechinja ng'ombe kwa ajili ya watu kumi. Mbuzi mmoja anatosha zamu zote mbili, pamoja na wali wa nazi, mbaazi na kachumbari. Maembe ya Desemba hayanunuliwi, mnaokota. Fedha inayobaki ina kazi yake: palizi haiko mbali, na Januari ni sare na madaftari. Ila nguo za sikukuu za watoto usizikate. Mtoto hahesabu wageni, anahesabu gauni na soda.

Sebuleni asile mtu. Kaeni chini ya mwembe, na kwa kuwa mvua zetu zimeanza, fungeni turubai juu, pembeni pabaki wazi upepo upite. Ndoo ya maji yenye koki na sabuni iwekwe pale watu wanapoingilia. Ikifichwa nyuma ya nyumba hakuna atakayenawa. Mama mkwe awe na kiti chake barazani, mita moja na wengine, asalimiwe kwa mdomo. Shikamoo haijawahi kudai kushikwa mkono.

Na kuna jambo mnalolionea haya kulitaja: uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho. Najua wazee hawatakubali Krismasi ya msimu wa mabibo ipite kavukavu, nami siwalaumu. Lakini lile kopo moja linalozunguka mdomo kwa mdomo mwaka huu lipumzike. Kila mzee aje na kikombe chake, na kazi ya kumimina apewe kijana mmoja.

Hukuniambia kama mama kachanjwa. Chanjo ya korona ni bure tangu ilipozinduliwa Julai mwaka huu, na ile ya Janssen ni sindano moja tu. Mpeleke hospitali ya Mkomaindo wiki hii hii, dawa zake za presha na sukari mziseme palepale. Msingoje mkesha, maana mwili unahitaji wiki mbili hivi kujenga kinga. Kanisani mpeleke ibada ile watu wachache wanayokwenda. Katekista atakwambia ni ipi.

SWALI: Asalaam aleykum Shangazi. Hapa Lindi jirani yangu ni Mkristo, na kila Krismasi hutuletea sinia la pilau. Mwaka huu kasema hapiki vya kugawa, anaogopa korona. Naona vibaya siku yake ipite kimya. Mimi ni Mwislamu, nifanye nini? – Bi Mkubwa, Mtanda

JIBU: Waaleykum salaam bibie. Mpikie wewe. Mikate ya kumimina au maandazi, kitu kikavu, ukifunike vizuri, piga hodi, kiache barazani na urudi hatua mbili mzungumze. Yeye anaogopa msongamano wa kugawa, haogopi chakula chako. Pilau lake atakulipa Krismasi nyingine. Sahani tu usiidai siku hiyo hiyo.