Adui Yako ni Unene: Kwa Anayeanza Kuunda Magari ya Mfano

Vijana wanaoniletea gari lao la kwanza la mfano hapa Arusha huja na lalamiko linalofanana: vipimo vyote vimefuatwa, jioni nyingi zimetumika, na bado kilichopo mezani kinaonekana kama kichezeo cha sokoni. Mimi huligeuza gari na kutazama kwanza ukingo wa dirisha, kisha ukingo wa madigadi, kisha mabomba ya keria, na kabla sijafika kwenye rangi jibu huwa limeshapatikana. Urefu ni sahihi, upana ni sahihi, lakini kila kitu ni kinene. Karibu yote nitakayoyaeleza hapa, kuanzia kisu hadi vumbi la mwisho, ni namna ya kupambana na unene huo kwa vitu vinavyopatikana mjini kwetu, bila kusubiri mzigo kutoka nje.

Skeli, yaani uwiano wa mfano na gari halisi, ninayomshauri anayeanza ni 1:24. Ilitokana na vipimo vya inchi, ambapo nusu inchi ya mfano husimama badala ya futi moja ya gari halisi. Skeli ya 1:43, inayopendwa na wakusanyaji wa magari madogo ya chuma, ilitoka kwenye treni za mfano za geji ya O (mojawapo ya saizi za reli za mfano), ambako milimita 7 zilihesabiwa kuwa futi moja. Ni skeli nzuri kwa mwenye rafu finyu, lakini taa ya mbele hapo huwa kubwa kama punje ya choroko, na mkono ambao haujazoea hauwezi kuitendea haki. Ukishachagua 1:24, shika hesabu moja tu kichwani: milimita moja mezani ni milimita 24 barabarani. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo mlango uliokatwa kwenye kadi hiyo ni mlango wenye unene wa zaidi ya milimita 18, unaofaa stoo ya mahindi kuliko Land Cruiser. Ubavu wa kopo la soda una unene wa takriban milimita 0.1, ambao ukizidishwa unakuwa milimita mbili na kidogo, na hapo tumekaribia bati la kweli.

Kupima ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mji huu umejaa magari ya watalii, na dereva ukimwomba kwa adabu wakati anasubiri wageni hawezi kukukatalia dakika kumi za futi kamba. Usitegemee takwimu za kiwandani peke yake. Land Rover 110 imebeba kipimo chake katika jina, kwa kuwa inchi 110, yaani milimita 2,794, ndiyo nafasi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nawe ukigawa kwa 24 unapata milimita 116.4. Toyota HZJ78, yaani Land Cruiser ya kazi, ina nafasi hiyo ya milimita 2,980, ambazo ni 124.2 mezani. Hata hivyo, magari mengi ya safari yamekatwa katikati na kurefushwa katika karakana za hapa hapa, paa likainuliwa na madirisha yakapanuliwa, kiasi kwamba magari mawili ya kampuni moja yanaweza kutofautiana kwa kiganja kizima. Pima lile unaloliunda. Ukipiga picha, rudi nyuma hatua kumi na tano kisha uvute picha karibu kwa simu, kwa sababu picha iliyopigwa kwa ukaribu huvimbisha pua ya gari na kuifanya nyuma ionekane imesinyaa, nawe utaunda kosa hilo bila kujua.

Gari lolote ninaloliunda tangu mwanzo lina mifupa na ngozi. Mifupa, yaani chasisi, sakafu na kuta za ndani, huwa ni kadi za PVC zilizokwisha muda: za benki, za bima, za vitambulisho vya kazi. Zinakatika vizuri, hazipindi kwa unyevu kama maboksi, na unene wake hauonekani kwa sababu unafichwa. Ngozi ni bati la kopo la soda. Kwa Land Rover za zamani uchaguzi huu una haki ya ziada, maana gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948 bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, chuma kikiwa adimu Uingereza baada ya vita. Unaunda alumini kwa alumini. Zingatia tu kwamba gundi haifanani kwa kila plastiki. Geuza chombo utafute pembetatu ya mishale: namba 3 ni PVC, ambayo hushikana kwa gundi ya mafundi bomba; namba 6 ni polistaireni, plastiki ile ile ya magari ya mfano yanayouzwa yakiwa vipande katika maboksi, nayo huunganishwa kwa gundi inayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Gundi ya bomba ipakwe kwa ncha ya kijiti cha meno, tone kwa tone, kwani ikizidi hulainisha kadi na ukuta ukapinda usiku kucha. Bati juu ya kadi linahitaji epoksi ya mirija miwili, baada ya kukwaruza pande zote za bati kwa msasa hadi ule utando wa plastiki wa ndani ya kopo na rangi ya nje viondoke.

Kuhusu zana nitasema machache, kwa kuwa anayeanza huwa anataka kununua nyingi mno. Maduka ya vifaa vya hospitali huuza mpini wa upasuaji namba 3 pamoja na nyembe namba 11 zenye ncha kali, na sijaona kisu cha ufundi kinachoushinda. Ongeza rula ya chuma, kalipa ya kupimia unene, seti ya tupa ndogo, kibano, na msasa wa maji kuanzia namba 400 hadi 2000. Jiliwa dogo na pasi ya kulehemu vitakuja baadaye, utakapofika kwenye keria.

Kisu hicho kina siri moja. Anayeanza hukandamiza kadi hadi ikatike, rula inateleza, na kidole gumba kinalipa gharama. Kadi haihitaji kukatwa hadi upande wa pili. Pitisha ncha mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi, uzito wa mkono wenyewe tu, kisha iweke kadi ukingoni mwa meza na uivunje kwa kuikunja kuelekea upande usiokatwa. Utasikia mlio mkavu, na ukingo utakaobaki ni mnyoofu kuliko wa mkasi. Kwa michoro ya milango tumia mgongo wa wembe badala ya makali: makali hupasua na kuacha tuta mbili pembeni, ilhali mgongo hukwangua unyoya mwembamba na kuacha mfereji safi. Mwanya wa mlango kwenye gari halisi ni milimita tano hivi, ambazo mezani ni 0.2, kwa hiyo ukishaona mfereji vizuri ukiwa umesimama mbali, umeshachimba kupita kiasi.

Bati la kopo ni gumu kwa sababu limebanwa kiwandani hadi likawa jembamba, na ukilikunja kwa kona kali hupasuka. Lipake sabuni ya mche upande mmoja, lipitishe juu ya moto mdogo wa gesi huku ukilisogeza, na uondoe mara tu sabuni inapogeuka nyeusi. Bati litakuwa limelainika kama karatasi nzito na litafuata kona ya boneti kwa kusuguliwa na mgongo wa kijiko. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, kwa sababu ile rangi ya kopo ikiungua haifai kuvutwa puani. Pale ambapo huna budi kutumia kadi nje, kama kwenye madigadi, ipunguze ukingo kwa tupa kutoka upande wa ndani hadi uwe mwembamba kama kucha. Jicho huona ukingo tu, na kutokana na ukingo huamua unene wa kitu kizima.

Sasa keria, ambayo ndiyo sura ya gari la safari. Bomba la inchi moja katika 1:24 ni milimita moja na nukta sifuri sita. Waya wa umeme wa nyumbani wa milimita mraba 1.0 una shaba yenye kipenyo cha milimita 1.13, kwa hiyo karibu kila kibanda cha vifaa vya umeme kinauza keria yako kwa mita. Ivue shaba plastiki, bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo, na uvute taratibu hadi uhisi waya umelegea kidogo mkononi kama mpira unaonyooka. Ukiuachia utakuwa mnyoofu kama mshale, jambo ambalo kunyoosha kwa vidole hakuwezi kulifanya. Uunganishe kwa risasi ya kulehemu na si kwa gundi, huku vipande vimebandikwa kwa tepu juu ya mchoro uliopo kwenye ubao. Risasi iwe chache, kwani kifundo cha risasi chenye ukubwa wa kichwa cha pini ni kifundo cha ukubwa wa limao barabarani.

Kwa matairi, mafundi viatu huuza vipande vya raba ngumu ya visigino, bora mara kumi kuliko ndala, ambazo zina vitundu vya hewa vinavyoonekana. (Nilijaribu pia raba ya katambuga, nikijiambia kwamba tairi litengenezwe kwa tairi, lakini nyuzi zilizomo ndani yake zilinishinda.) Kata duara, litoboe katikati, lifunge kwenye bolti, bolti iingie kwenye drili, kisha izungushe huku ukiigusisha na msasa namba 120. Tairi la 7.50-16, linalovaliwa na magari mengi ya porini, lina kimo cha takriban milimita 800, kwa hiyo simama ukifika 33.

Rangi ndiko nilikoaibika. Nilikuwa fundi rangi wa gereji kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye kazi hii, na nilidhani kwamba hapo angalau sina la kujifunza. Mgeni mmoja aliniachia bodi ya Land Rover ya polistaireni, nikaichonga mistari ya milango kwa siku mbili, kisha nikaipulizia rangi ya NC, yaani ya nitroselulosi, iliyochanganywa na thina ya gereji, tabaka moja lenye maji kama nilivyozoea kwenye boneti za kweli. Haikupita dakika tatu paa likaanza kujikunja kama utando wa maziwa yanayopoa, na mistari yangu ikazama mbele ya macho yangu. Thina ile huyeyusha polistaireni. Tabaka zito lilikuwa limeipa muda wa kula. Tangu hapo nimekuwa nikianza na praima ya plastiki, kwa mipulizo mikavu inayoacha vitone tu, nikingoja kila mmoja ukauke, au nikitumia akriliki ya maji kabisa.

Kuna kosa la pili la mafundi wa gereji, nalo linaturudisha kwenye unene. Kazi kamili ya gereji, tangu praima hadi klia, yaani tabaka angavu la juu, hufikia mikroni 100 na zaidi, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Juu ya gari la mfano hiyo ni plasta, na vichwa vya riveti hupotea chini yake. Spreigani ya gereji yenye tundu la milimita 1.4 iache, tafuta kalamu ya kupulizia yenye tundu la 0.2 au 0.3, uiendeshe kwa psi 15 hadi 20, ikiwa sentimita kumi hivi kutoka kwenye bodi. Rangi za metaliki za gereji pia ziepuke, kwa kuwa chembe zake zilipimwa kwa gari kubwa na juu ya dogo hung'aa kama kokoto. Kabla ya yote, osha bodi kwa sabuni ya vyombo na usiishike tena kwa vidole vitupu.

Hali ya hewa ya hapa ina matakwa yake. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu unaposhuka kutoka Mlima Meru, thina inayokauka hupoza uso wa rangi na kuvuta unyevu, na rangi nyeusi inakuwa na weupe kama majivu. Januari na Februari, rangi hukauka kabla haijatua na kuacha chembe kama msasa. Mimi hupulizia kati ya saa nne na saa sita asubuhi, ukungu ukiwa umekwisha na upepo haujaanza kurusha vumbi, na kila nimalizapo hufunika bodi kwa beseni. Barakoa iwe ya kichujio cha mkaa. Ya kitambaa haizuii mvuke. Ukitaka kujua kama rangi imekauka, inuse: ikinuka, iache.

Vioo ni kazi fupi. Kioo cha milimita tano au sita huwa 0.2 hivi, na plastiki angavu ya boksi la shati inakaribia hapo. Ibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, kamwe si kwa supaglu, ambayo mvuke wake huganda juu ya plastiki na kuipa ukungu mweupe usiotoka.

Vumbi liwe la mwisho. Udongo mwekundu wa Karatu nimeuleta mwenyewe katika chupa ya maji, lakini hata udongo una unene: punje inayoonekana kwa jicho ni jiwe katika 1:24. Uusage, kisha uuchekeche mara mbili kupitia soksi ndefu ya nailoni, na utumie kile tu kinachoelea hewani unapoitikisa. Upake kwa brashi kavu chini ya milango, nyuma ya magurudumu na juu ya mlango wa nyuma, ambako upepo wa gari hulirudisha vumbi lake lenyewe. Kwenye kioo cha mbele, kata karatasi kwa umbo la eneo linalofutwa na waipa, ibandike kidogo tu, nyunyiza vumbi, kisha uinue karatasi kwa kibano.