Uwanja wa Ndege wa Mtwara Ulijengwa kwa Ajili ya Nani?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Babu yangu hupenda kusema kwamba uwanja wetu wa ndege ni "mtoto wa karanga". Je, ana maana gani? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Marahaba. Babu yako hakosei sana. Mpango wa karanga wa Waingereza, yaani mradi wao wa kulima karanga kwa wingi, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ndio uliouibua mji wa Mtwara pamoja na bandari yake na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilishindwa na reli ikang'olewa, lakini uwanja ulibaki, ukihudumiwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki hadi lilipovunjika mwaka 1977, kisha na Air Tanzania. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa barabara alingoja kivuko cha Rufiji, na masika yalipofika, ndege haikuwa anasa hata kidogo. Siku hizi basi hufika Dar es Salaam kwa siku moja. Abiria wa ndege ni zaidi watu wa gesi, korosho na shughuli za serikali.