Maswali ya Wasomaji: Lekchara yuko kotini, sisi tuko darasani

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi nasoma sheria mwaka wa tatu, chuo sikitaji, kwetu ni Lindi pale Mtanda. Semista hii mwenendo wa mashauri ya madai tunafundishwa na wakili wa kujitegemea, yeye ni pati taimu. Akija anafundisha mpaka raha, shida haji. Kipindi ni Jumanne na Alhamisi asubuhi, saa mbili kasoro CR, yaani kiongozi wa darasa, anapata meseji "niko kotini leo, tutafidia", halafu hiyo fidia ni Jumamosi tangu asubuhi hadi jioni, unatoka hata jina lako hulikumbuki. Na nusu ya muda ni stori za kesi zake. Wenzangu wanampenda sana ila mimi UE, ule mtihani wa mwisho wa semista, inanitisha. Hivi ni haki kutuletea walimu wa hivi wakati ada tunalipa yote?

JIBU: Marhaba mwanangu. Nikwambie mapema kwamba na mimi huwa nafundisha hivyo hivyo hapa Mtwara, kwa hiyo jibu langu lisome ukijua nimekaa upande gani.

Kuleta mawakili na majaji darasani si ujanja wa chuo chenu kubana bajeti (bajeti nayo ipo, tusidanganyane). Sheria inafundishwa hivyo karibu kila mahali. Law School of Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, mtu anayoipitia baada ya digrii ili aapishwe uwakili, imejaa walimu ambao kazi yao ya kila siku ni mahakamani. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kiliongozwa na Dkt. Paul Kihwelo huku ni jaji. Marekani ndio usiseme, Obama alifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1992 hadi 2004 na humo humo alikuwa wakili, akawa seneta wa jimbo, na vipindi vinaendelea. Na njia inakwenda pande zote mbili, Profesa Ibrahim Juma alikuwa mwalimu wa sheria Mlimani miaka mingi kabla hajawa jaji na baadaye Jaji Mkuu.

Sasa hizo unazoziita stori. Chukua kitu kidogo kama kiapo. Kitabu kitakwambia kiapo kinaapwa mbele ya kamishna wa viapo, unakariri, unasonga mbele. Wakili akija darasani anakuja na karatasi yenyewe, tuseme ni kiapo cha kuomba kuongezewa muda wa kukata rufaa, anawagawia kopi anasema tafuteni kosa. Mtasoma aya ya kwanza mpaka ya mwisho, mtabishana Kiingereza, mtasema hoja dhaifu, sijui maelezo marefu, na kosa hamjaliona. Liko chini kabisa pale kamishna anapogonga muhuri. Jina la muapaji lipo, saini ipo, muhuri umekolea vizuri, ila hakuna palipoandikwa wameapa wapi na tarehe ngapi. Kifungu cha 8 cha sheria ya manotari na makamishna wa viapo, Sura ya 12, kinataka mahali na tarehe viandikwe. Kuna maombi yamefutwa kwa kitu hicho tu, mteja katoka zake Newala kwa nauli yake, kakaa kwenye benchi tangu asubuhi, anaambiwa kalete upya. Hapo hapo wakili atawaambia mwaka 2018 sheria ikarekebishwa mahakama ziangalie haki zaidi kuliko ufundi, na kabla hamjapumua atawaambia Mahakama ya Rufani nayo imeshasema marekebisho hayo si kichaka cha kuficha kuvunja masharti ya lazima. Hayo yote yametoka kwenye karatasi moja yenye muhuri, na ukiyasikia hivyo huyasahau. Kwa hiyo akitaja kesi andika jina lake na mwaka, ukitoka ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, hukumu ziko bure, isome mwenyewe, halafu angalia kwenye kosi autilaini inaingia mada ipi. Stori ukiipeleka mpaka hapo inakuwa noti, ukiiachia darasani inabaki burudani.

Kuhusu kutokuja nitakuwa mkali kidogo kwa mwenzangu. Ni kweli tarehe ya kesi haipangi wakili peke yake, na asipotokea kesi ya mteja inaweza kufutwa kwa kutohudhuria, hakuna hakimu atakayekubali udhuru wa "nina kipindi". Mahakama ya Rufani ikija kufanya vikao Mtwara ndio kabisa, pale wanakaa majaji watatu na rufaa imesubiri muda mrefu, mwenye rufaa yake hata msiba wa jirani anaukosa. Hilo mvumilieni. Lakini kesi ikiahirishwa tarehe mpya inatajwa pale pale, wakili anaiandika kwenye diari yake kabla hajatoka mlangoni, kwa hiyo mara nyingi anajua siku nyingi kabla kwamba Jumanne fulani hayupo. Meseji ya saa mbili kasoro asubuhi si dharura ya mahakama hiyo, ni uzembe wa kutofungua diari, na mnayo haki ya kulisema kwa adabu.

Ila kosa kubwa nalipeleka kwa aliyepanga ratiba. Mahakama zinafanya kazi asubuhi, hilo hata muuza mihogo wa nje ya geti analijua, sasa wakili unampangiaje Jumanne na Alhamisi asubuhi? Mpe saa kumi na moja jioni muone kama hatafika. Na somo la msingi kama hilo kwa maoni yangu halitakiwi kuachiwa mtu wa pati taimu peke yake. Mwalimu wa kudumu ashike silabasi, testi na koswaki (maksi za kazi za semista), wakili aje kwa zamu yake kufundisha kuandika hati za madai, kuhoji shahidi, kujibu mapingamizi. Chuo kinachomwachia wakili somo zima kimeokoa mshahara wa mtu mmoja na mnaolipia ni nyinyi.

Fanyeni hivi: msiende mmoja mmoja kulalamika korido, CR aandike barua kwa mkuu wa idara aweke na tarehe zilizokosekana, muombe kipindi kihamie jioni, na kabla ya hapo mwambieni wakili mwenyewe ili asisikie kwa watu. Na akisema yuko kotini mfuateni huko huko, mashauri mengi yanasikilizwa wazi, vaeni nadhifu, zimeni simu, kaeni nyuma kimya. Usiku mtamuuliza kwa nini lile swali kwa shahidi lilikataliwa na hapo mmepata kipindi.

Na hofu yako ya mtihani siidharau hata kidogo. Mwaka 2022 matokeo ya Law School yalitoka, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja 26, wa kurudia baadhi ya masomo 342, waliofeli 265, nchi nzima ikapiga kelele mpaka Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Kila mtu alikuwa na sababu yake, wengine wakavilaumu vyuo, wengine wakawalaumu walimu wa kule. Mimi ninachokiona kwa vijana wanaokuja ofisini kwangu fildi ni kwamba wapo wanaotaja vifungu kama maji ila ukiwapa jalada la kesi wanauliza waanzie wapi. Huyo wakili wako wa Jumamosi, pamoja na usumbufu wake, anakupunguzia tatizo hilo.

SWALI: Habari ya kazi mwanasheria. Mimi ni mzee wa Tandahimba, nilimpulizia mtu mikorosho yake salfa msimu mzima, mashine yangu na vibarua wangu, korosho kauza na hela hajanipa, nimemshitaki. Sasa nasikia hakimu anayesikiliza kesi na wakili wa huyo ninayemdai wote wanafundisha chuo kimoja, wikiendi wanakunywa chai pamoja. Nimtafute mtu wa kwenda kuongea na hakimu au nihamishe kesi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wa kwenda kuongea na hakimu usimtafute, wala usimpigie simu, wala usimtume mjomba wake. Hapo kesi yako nzuri utaigeuza kesi mbaya kwa mkono wako.

Hakimu au jaji kufundisha sheria si kosa. Misingi ya Bangalore ya 2002, ambayo mahakama nyingi duniani zinaifuata kwenye maadili ya majaji, inasema wazi jaji anaweza kuandika na kufundisha sheria mradi kazi yake ya hukumu isiharibike. Na huku kwetu kusini wanasheria si wengi, ukisema kila waliokutana darasani wasikutane mahakamani utabaki na mahakama tupu. Kwa hiyo chai peke yake haitoshi. Kinachoangaliwa ni kama mtu mwenye akili timamu aliyeambiwa mambo yote angeona kuna hofu ya kweli ya upendeleo. Kufundisha chuo kimoja, hapana. Lakini kama wana biashara pamoja, au ni ndugu, au huyo wakili ndiye mkuu wake hapo chuoni anayempangia vipindi na malipo, hiyo ni habari nyingine.

Ukiwa na kitu cha namna hiyo, kisemee mahakamani mbele ya upande wa pili, mapema, mashahidi hawajaanza. Unasimama unasema mheshimiwa naomba ujitoe, sababu ni hii na hii, bila matusi. Yeye mwenyewe ndiye ataamua. Akikataa, kesi inaendelea na hoja yako iko kwenye kumbukumbu, utaitumia kwenye rufaa ukishindwa. Usikae kimya ukisubiri hukumu ndio uanze kusema walikuwa wanakunywa chai, hapo watakuuliza siku zote ulikuwa wapi. Nguvu zako nyingine ziweke kwa wale vibarua, waje watoe ushahidi walipuliza mikorosho mingapi na kwa makubaliano gani.

SWALI: Kaka mambo, mimi ni wakili niko Masasi, ofisi inaenda enda tu. Nataka kufundisha chuo pati taimu, kwanza napenda, pili hela. Nina digrii ya kwanza na uwakili tu. Naanzaje?

JIBU: Poa dada. Kwa hela tafuta kitu kingine, malipo ni kwa saa na yanakuja yakijisikia, ukitoa nauli ya Masasi hadi Mtwara na siku uliyofunga ofisi unabaki na heshima. Kama unapenda kweli, basi anza na masters, kwa sababu vyuo vinabanwa na TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kwenye sifa za walimu na uwakili peke yake haukupi somo la digrii. Wakati unasoma, omba uwe unaalikwa kusimamia mahakama za mfano, zile za wanafunzi kujizoeza kuendesha kesi, na kuwapokea wanafunzi wa fildi, wakuu wa idara wengi watakushukuru. Wewe ni wa kujitegemea huna wa kumuomba ruhusa, ila mwambie na yule rafiki yako hakimu, maana najua unaye, kwamba yeye na mawakili wa serikali lazima mwajiri ajue kwa maandishi.

Ukiingia darasani utafundisha Kiingereza, wakati huku mahakamani tangu sheria ilivyobadilishwa 2021 lugha ni Kiswahili, na wanafunzi wanashindwa kuandika hati ya madai ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili kinachoeleweka. Hapo ndio pa kuwasaidia, waandikishe zote mbili. Kadi zako za ofisi ziache garini, kujitangaza kwa mawakili kuna kanuni zake na darasa si soko la wateja. Na nyaraka unazopeleka darasani futa majina, namba za simu, namba za viwanja, hata kesi ikiwa imeisha, siri ya mteja haiishi na kesi, na Masasi ni mji mdogo, mwanafunzi wa benchi la mbele anaweza kuwa mtoto wa yule uliyemshinda.