Re: Fedha za semina ya tabianchi kwa watumishi, mbona sizioni kwenye bajeti?

Habari ndugu yangu wa Masasi. Unasema umepekua kitabu cha bajeti ya halmashauri mara mbili na hujaona "mafunzo ya tabianchi", ilhali semina umeiona kwa macho yako.

Hutaiona kwa jina hilo. Bajeti hupangwa kwa vifungu vya matumizi, si kwa mada. Semina moja hutawanyika: posho ya kujikimu huku, ukumbi kule, dizeli na chakula kwingine.

Kwanza kabisa jua fedha ilitoka wapi: mapato ya ndani, ruzuku au mradi. Mimi huku Lindi nilihangaika miezi miwili, kumbe mfadhili alilipa mwenyewe moja kwa moja hotelini. Vitabu vya halmashauri nilivisumbua bure!

Kama ni fedha ya halmashauri, achana na muhtasari, omba jedwali la shughuli. Tafuta "kujengea uwezo", "mazingira" na "maafa". Baada ya Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, nilichokuwa nakitafuta nilikikuta kwenye maafa.

Diwani wako anaweza kukusaidia haraka zaidi, maana taarifa za robo mwaka hupita Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Akikuzungusha, mwandikie mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ajibu ndani ya siku 30. Taja mwaka wa fedha na uombe marejesho ya masurufu (hesabu na risiti za fedha ambayo mtumishi alipewa mkononi kwa ajili ya shughuli), kwani humo ndimo yanamokaa majina ya waliosaini posho.

Ngazi ya mkoa sijawahi kufuatilia.